Ada ya Baba

Mwaka nilipomaliza darasa la saba, shule yetu ilitoa wasichana wawili tu waliochaguliwa kwenda sekondari, na mmoja nilikuwa mimi. Mwalimu mkuu alileta habari mwenyewe hadi nyumbani. Alimkuta mama uani anapepeta mtama, akamwambia kwa Kiswahili cha taratibu ili amwelewe vizuri. Mama aliweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Wapi?" Mwalimu akajibu kwamba ni Nachingwea mjini, shule ya bweni. Mama akauliza tena, "Lini?" Mwalimu akasema Januari. Mama akamshukuru, akampa kibuyu cha maji anywe, na mwalimu alipoondoka akarudi kwenye mtama wake. Lakini nilimwona akipepeta kitu ambacho kilikwisha kuwa safi.

Mama alikuwa anajua jambo ambalo mimi sikulijua. Wiki moja kabla, baba naye alikuwa amepata barua.

Baba alikuwa mhudumu wa zahanati. Kijiji chetu kiko upande wa Mnero, na babu alifika pale akitoka ng'ambo ya Ruvuma, na nyumbani kwetu tulisema Kimakua, Kiswahili kikabaki cha shule, cha soko na cha zahanati. Baba alikuwa amefanya kazi ile miaka kumi na mmoja. Alifagia, alichemsha mabomba ya sindano kwenye sufuria, aliosha na kufunga vidonda, alipima watoto uzito kwenye mizani ya kuning'iniza. Dawa alizijua kwa rangi na kwa umbo kabla hajazijua kwa majina. Mganga msaidizi aliyekuwa akiiendesha zahanati alikuwa mzee mwenye kukaribia kustaafu, na kila mara aliponiona nimepeleka chakula cha baba alikuwa akisema, "Baba yako ana mkono mzuri. Amekosa karatasi tu." Ni yeye aliyemwandikia baba maombi ya chuo. Barua ile ya kaki ilisema kwamba baba amekubaliwa kusomea uganga msaidizi, miaka miwili, katika chuo kimoja cha mkoa mwingine, na kwamba ada na chakula atajilipia mwenyewe.

Baba alikuwa na miaka thelathini na minane.

Jumapili baada ya kanisa alituita mimi na mama chini ya upenu. Wadogo zangu wawili alikwisha kuwatuma kisimani. Akaniambia nilete daftari la hisabati na kalamu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mwepesi wa hesabu katika nyumba ile. Yeye alisoma na mama hakusoma, lakini kwenye kuzidisha na kugawanya wote wawili walinisubiri mimi.

Hatukuhesabu kwa shilingi. Shilingi ilikuwa ikibadilika, lakini gunia la korosho kila mtu alilijua. Baba akasema, mimi nikaandika. Ada yake, chakula, sare, nauli ya kwenda na kurudi: magunia saba kwa mwaka. Ada yangu, godoro, sanduku, sare na viatu: magunia mawili na nusu kwa mwaka wa kwanza. Mwaka mzuri shamba letu lilitoa magunia kumi. Mwaka uliopita lilikuwa limetoa sita. Na mshahara wa baba, mdogo kama ulivyokuwa, ungesimama siku atakayoondoka, maana zahanati isingemlipa mtu asiyekuwepo.

Kisha akanigeuzia ukurasa. Mganga msaidizi alikuwa amemwambia mshahara wake, ulikuwa mara tatu ya ule wa baba, nami nikaugeuza kuwa magunia. "Zidisha kwa miezi kumi na miwili," akasema. Nikazidisha. "Sasa toa ada yako ya mwaka." Nikatoa. Kilichobaki kilikuwa kingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika kwenye daftari lile. Kilitosha ada za wadogo zangu wote wawili wakifika, mabati, na bado.

"Kwa hiyo," baba akasema, "wewe unaonaje?"

Niliona kile alichokuwa anakiona. Nikienda mimi, ni miaka minne, na baada ya miaka minne ni lazima chuo tena ndipo nipate kazi, na muda wote huo yeye ni mfagiaji. Akienda yeye, ni miaka miwili. Hesabu ilikuwa moja na ilikuwa imenyooka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikasema, "Baba aanze."

Baba akanishika kichwa. "Miaka miwili tu, mwanangu. Nikirudi nakupeleka shule, hata ikiwa ya kulipia."

Hesabu yote tuliifanya kwa Kiswahili cha shule. Mambo mazito mama hakuyasema kwa Kiswahili. Akamwambia baba kwa Kimakua, "Umemuuliza mtoto swali lenye jibu moja." Akainuka akaenda kuwasha moto.

Mwalimu mkuu alikuja tena Januari, akakaa na baba muda mrefu. Nilisikia anasema, "Nafasi haisubiri, bwana. Hii ya serikali ikipita imepita." Baba akamjibu kwa heshima, akamweleza mahesabu yote, na mwalimu, ambaye naye aliishi kwa mshahara, akaaga. Nafasi yangu ilipewa msichana wa kijiji cha jirani. Nilimwona mara moja tu sokoni, likizo ya kwanza, amevaa sketi ya shule ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Alinisalimia vizuri. Nilimjibu, kisha nikaenda upande mwingine wa soko, nikanunua chumvi ambayo hatukuihitaji.

*

Miaka miwili ile tuliifanya mimi na mama. Sijui namna nyingine ya kusema. Mikorosho inataka salfa wakati wa maua, la sivyo ubwiri unga unayashika, maua yanakuwa kama yamemwagiwa majivu, yanakauka na kuanguka. Salfa ni ya kununua, na mashine ya kuipulizia ni ya kukodi. Mwaka wa kwanza tulipata nusu ya salfa tuliyoihitaji, tukapulizia miti ya karibu na nyumba na kuiacha ya mbali. Miti ya mbali ilinyauka maua mbele ya macho yetu. Tulivuna magunia matano. Yote yalikwenda chuoni, na mawili tuliyopungukiwa baba alikopeshwa na mganga mzee.

Mwaka wa pili mama aliuza kangomba. Wakati korosho bado ni maua, mnunuzi anapita na fedha taslimu, anakulipa kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika mzigo ni wake. Kila mtu alijua ni kujiumiza, na kila nyumba iliyokuwa na mgonjwa, msiba au ada ilifanya hivyo. Mama alimpa mkono mnunuzi bila kumtazama. Mwaka ule tulikula mihogo mikavu kuanzia Novemba. Mdogo wangu wa mwisho alivimba miguu, na mimi na mama tukajifanya kwamba ni mbu.

Baba aliandika barua kila baada ya miezi miwili. Alinisomesha kupitia barua zile, nadhani kwa sababu alijisikia vibaya. Alinichorea moyo na vyumba vyake, akaniandikia majina ya mifupa ya mguu. Mwishoni aliandika sikuzote, "Tunakaribia." Nilimsomea mama barua zote mara mbili, na michoro nikambandikia ukutani kwa ugali.

Alirudi mwezi wa sita, amekonda, suruali imekazwa kwa kamba. Alishuka kwenye lori njia panda, akatembea hadi nyumbani amebeba sanduku kichwani na bahasha mkononi, hakutaka kuikunja. Tulichinja kuku aliyekuwa amebaki. Mganga mzee alikuja, akakishika cheti, akakisoma chote kwa sauti, hata mistari midogo ya chini. Akalia kidogo, nasi tukacheka kumwona analia.

Jumatatu baba alikwenda bomani, Nachingwea. Alirudi jioni, akavua viatu, akakaa.

"Wamesemaje?" mama akauliza.

"Wamesema ajira zimesimamishwa."

"Mpaka lini?"

"Hawajui. Ni nchi nzima. Serikali inapunguza watu, haiongezi."

Mama akauliza kuhusu kazi yake ya zamani, ile ya kufagia. Baba akasema aliyeachiwa yupo, na yeye amesomea zaidi ya ile, hawawezi kumrudisha kule. Mganga mzee alipostaafu mwisho wa mwaka ule, kiti chake kilipewa mtu aliyehamishwa kutoka wilaya nyingine, tayari ana ajira. Baba alikwenda kumkaribisha. Alimwonyesha bomba la maji linalovuja, na kabati ambalo mlango wake lazima uinuliwe kidogo ndipo ufunguke.

Kwa mwaka mzima alikwenda bomani kila tarehe ya kwanza. Mwanzoni alikwenda kwa baiskeli, kisha tuliuza baiskeli, akawa anakwenda kwa miguu akiondoka alfajiri. Karani alimfahamu. Baadaye alikuwa akimtikisia kichwa tu akiwa bado mlangoni, kumwokolea hatua za kuingia ndani.

*

Wakati ule Ruangwa ilikuwa imepata kuwa wilaya juzi juzi, na watu walikuwa wanafungua maduka. Mtu mmoja alifungua duka la dawa baridi karibu na stendi, akatafuta mtu mwenye cheti cha kutundika ukutani. Baba akaenda. Mama akanituma nimfuate, nimpikie, kwa sababu alisema mwanamume peke yake atakula mkate na chai mpaka aanguke. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Tulipanga chumba kimoja, tukagawa kwa shuka.

Malipo yake pale yalikuwa chini ya yale ya kufagia zahanati. Najua, kwa sababu ni mimi niliyekwenda sokoni nayo.

Duka lile liliruhusiwa kuuza dawa za vidonge na maji ya kikohozi. Kuchoma sindano halikuruhusiwa. Lakini watu wetu waliamini sindano. Mtu ametembea kutoka mbali na homa, ukimpa vidonge anaona umemdharau. Mwenye duka alimwita baba nyuma ya pazia, nami nilikuwa nimepeleka chakula, nikasikia.

"Mzee wangu, wewe umesomea au hukusomea?"

"Nimesomea."

"Basi wachome. Usipowachoma wewe wataenda kwa yule wa kule asiyejua hata kusoma. Nani atakuwa amefaidika?"

"Sheria hairuhusu dukani."

"Sheria inakulipa shilingi ngapi?"

Wiki iliyofuata kulikuwa na sufuria ya kuchemshia mabomba nyuma ya pazia.

Sitaki kumsema vibaya. Alichoma vizuri, wengi walipona, na waliopita barabarani walimwita daktari. Aliongezwa malipo kidogo. Tulianza kumtumia mama sukari. Kwa miezi kadhaa nilisikia mwenyewe, ndani ya kichwa changu, ile hesabu ya zamani ikianza upya: mwaka huu bado, mwaka ujao pengine shule ya kulipia, nitakuwa na miaka kumi na tisa nikiwa kidato cha kwanza, na haidhuru.

Masika mwanamke mmoja alikuja kutoka Mbwemkuru, ameketi nyuma ya baiskeli ya shemeji yake na mtoto mapajani. Mtoto alikuwa wa kiume, wa miaka minne hivi, anawaka moto, na njiani alikuwa amepata degedege mara mbili. Baba alimtazama macho, akamwambia mama yake, "Mpeleke hospitali, mama. Huyu anahitaji kulazwa."

Mwanamke akasema, "Nikilazwa naye, nani atawapikia wale niliowaacha? Mchome tu, daktari. Wamesema wewe unachoma vizuri."

"Nenda hospitali."

"Nimeishiwa nguvu, baba. Nakuomba."

Shemeji alikuwa amegeuza uso. Mwenye duka alikuwa mezani, anasikiliza. Baba akavuta kwinini kwenye bomba, akafuta kitako cha mtoto kwa pamba na spiriti, akachoma. Mtoto alikuwa amekonda sana, baba alichoma kwenye ngozi na mfupa. Mtoto alilia kidogo tu. Walilala kwenye baraza la duka, mimi nikawaletea uji, na asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mwanamke alimshika baba mikono yote miwili. Mtoto alikunywa uji kikombe kizima. Walipompandisha kwenye baiskeli niliona mguu wake wa kulia unaning'inia, nikadhani amechoka.

Baada ya majuma matatu walirudi. Mwanamke alimbeba mtoto mgongoni, akamshusha kwenye sakafu ya duka, akamwambia, "Tembea, daktari akuone." Mtoto akatembea. Mguu wa kulia aliuburuta, kidole gumba kinakwaruza saruji, na ili auinue ilibidi autupe pembeni.

"Mguu umelala tangu siku ile," mwanamke akasema. "Tumeupaka mafuta. Tumeuchua. Hauamki."

Mwenye duka akasema haraka, "Hiyo ni malaria, mama. Malaria huwa inashukia miguuni."

Baba alikuwa amepiga magoti. Alimshika mtoto nyayo, akamwambia asukume mkono wake. Mtoto akasukuma kwa mguu wa kushoto. Akamwambia kwa mguu mwingine. Hakuna kitu kilichosogea. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la chakula, nikamwombea kimoyomoyo anyamaze tu, aikubali ile malaria ya mwenye duka, tuendelee. Niseme ukweli, ndicho nilichoomba.

Baba akasema, "Si malaria, mama. Ni sindano yangu. Kuna mshipa wa fahamu unapita hapa kitakoni, nimeugusa."

Mwanamke akamtazama kana kwamba amesema kwa lugha nyingine. "Mguu utarudi?"

"Sijui. Kwa wengine hurudi kidogo. Kwa wengine haurudi."

Nilingoja apige kelele. Nilingoja watu wajae. Yeye akamwinua mtoto, akamfunga mgongoni kwa kitenge, akafunga fundo polepole, akasema, "Lakini yuko hai." Sikujua kama anamwambia baba, au mtoto, au anajiambia mwenyewe. Kisha wakaondoka.

Mwenye duka alimfukuza baba siku ileile. Hakumfukuza kwa kuchoma. Alimfukuza kwa kusema.

Tulibaki Ruangwa miezi mitatu zaidi, bila kazi, kwa sababu baba alikuwa akienda Mbwemkuru kila Jumamosi kumnyoosha mtoto mguu. Aliazima baiskeli. Siku moja nilikwenda naye. Mtoto alilala kwenye mkeka, baba akamkunja goti, akamkunjua, akamsukuma unyayo juu, mara hamsini, akihesabu kwa sauti, na mtoto akihesabu naye. Mama yake alikuwa akitwanga pembeni na hakusema nasi mengi, lakini alitupa ugali. Mguu ule ulipata nguvu kidogo kwenye goti. Kwenye kifundo haukupata. Baba alipomchongea kibanio cha mti cha kufungia unyayo, mtoto alikataa kukivaa.

*

Tulirudi kijijini. Baba akawa mkulima, na mkulima mbaya, kwa sababu mikono yake ilikuwa imesahau jembe. Watu walimjia na watoto wenye homa, naye akawaambia waende zahanati. Hakushika tena sindano nyumbani, hata alipoombwa na jirani aliyemwazima mbegu.

Miaka ilipoanza kuandikwa elfu mbili, habari zikaja kwamba ajira za afya zimefunguliwa. Redio ilisema, kanisani walisema. Baba alinyoa ndevu, akavaa shati la mahafali yake, na nikafuatana naye bomani kwa sababu nilikuwa na ufuta wa kuuza. Tangazo lilikuwa ubaoni. Alilisoma kidole kikiwa kwenye mistari, kama anavyosoma mtu aliyeanza kusoma ukubwani. Kidole kikasimama. Nikasogea nikaona kilipokuwa kimesimama. Mwombaji awe na cheti cha uganga au uhudumu, na awe amemaliza kidato cha nne.

Baba alikuwa ameishia darasa la saba. Wenzake wa zamani waliokuwa kazini waliachwa waendelee, lakini wapya walitakiwa hivyo.

Tulitembea mpaka tukapita daraja la nje ya mji. Hapo akasema, bila kunitazama, "Wewe ungekuwa umeshamaliza."

Nilikuwa nimebeba gunia tupu la ufuta begani. Nililitupa chini. Nilikuwa na miaka ishirini na moja na sijawahi kumpandishia baba sauti.

"Usingeniuliza," nikasema.

"Nini?"

"Siku ile. Usingeniuliza mimi. Ungeamua tu, ungesema nimeamua, ninakwenda, wewe baki. Ningekuchukia mwaka mmoja, yakaisha."

Alisimama katikati ya njia. "Nilitaka uwe umekubali."

"Ndicho kinachouma, baba. Nilikubali."

Akaokota gunia, akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri mara nne, akaliweka kwapani mwake. Hakuomba msamaha, na hadi leo sijui angeomba kwa kosa gani. Kila namba aliyoniandikisha siku ile ilikuwa ya kweli. Tulitembea hadi nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilihisi nina baba, mtu mwenye vumbi miguuni anayetembea karibu yangu, wala si deni.

Aliniambia niende mimi basi. Kulikuwa na mitihani ya watu wazima waliokosa sekondari, ningejisomea usiku, kisha kozi ya uhudumu. Alikuwa tayari kuuza miti ya mbali. Nilikataa. Nilimwambia kwamba nina mchumba na shamba la ufuta, na yote mawili yalikuwa kweli, lakini sababu haikuwa hiyo. Nilikuwa nimechoka kuwa kitu kinachopigiwa hesabu. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekwenda sekondari, kwa ufuta wangu, na hakupenda shule, akaolewa alipofika kidato cha tatu. Sikumlaumu.

Baba mwishowe alipata kazi, ya namna yake. Kilimarondo kulikuwa na zahanati ambayo mganga wake aliondoka na hakuletwa mwingine kwa muda mrefu. Ni mbali, masika barabara inakatika, na tembo wanaingia mashambani. Wanakijiji walikubaliana wamlipe posho wao wenyewe, kwa mahindi na kwa vihela, akae pale mpaka serikali ilete mtu. Alikwenda. Mama hakumfuata, alisema amechoka kuhesabu miezi. Baba alikaa kule miaka minne, akiandika barua za rufaa za hospitali zaidi ya kutibu, akiwasihi watu wapande lori mapema. Wagonjwa wa sindano aliwapeleka Nachingwea hata kama ni mbali. Baadhi yao walimsema kwa hilo.

Alikufa kule, kwa homa, mwezi wa tatu, barabara imekatika. Habari ilitufikia baada ya siku mbili, na mimi na mume wangu tulifika baada ya siku nyingine mbili, tukitembea sehemu kubwa ya njia. Walikuwa wamekwisha kumzika, wasingeweza kungoja. Kaburi lilikuwa nyuma ya zahanati, limezungushiwa mawe, na mtu alikuwa amepanda msalaba wa mti mbichi.

Nilibaki siku tatu kukusanya vitu vyake, ambavyo havikuwa vingi. Asubuhi ya tatu nilikuwa nafagia chumba chake cha kutibia, mlango wa zahanati uko wazi kwa sababu ya hewa. Mwanamke kijana akaja na mtoto mchanga amefunikwa kwa kanga mbili. Akabisha hodi, akanisalimia, "Shikamoo, dada." Akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa daktari. Nikasema ndimi. Akamfunua mtoto. Alikuwa akipumua haraka, kifua kinaingia ndani kila pumzi, na midomo yake haikuwa na rangi nzuri.

"Nitazamie," akasema.

Kabati la dawa lilikuwa nyuma yangu, limejaa chupa na makopo, na kila kimoja kina mwandiko wa baba.

"Mimi sikusomea, mdogo wangu," nikamwambia. "Sijui."

Hakuondoka mara moja. Alisimama pale kizingitini na mtoto mkononi, akanitazama, kama mtu anayenipa muda nifikirie vizuri. Mume wangu akatoka akaenda kuuliza kama kuna baiskeli. Hakukuwa na iliyokuwa nzima. Basi yule mwanamke akamfunika mtoto wake tena, kanga ya kwanza, kisha ya pili, akashuka ngazi, akaifuata njia ya Nachingwea kwa miguu, matope yakimfika kwenye vifundo.